Gari inachemsha nikipanda Lushoto, fundi kang'oa themostati

Wakuu habari, mwenzenu nimechoka. Gari hapa Tanga mjini haisumbui kabisa ila nikifika Mombo nikaanza kupanda Lushoto mshale wa joto unakimbilia juu, fundi akang'oa themostati (ile vali ya maji ya kupoza injini) eti huku kwetu joto haina kazi, sasa mjini mshale uko chini muda wote, mafuta inakunywa balaa na mlimani bado inachemsha!! Nifanyeje?

— Pole kaka. Hao wa kung'oa ndo wanatuulia magari. Themostati inajifunga mpaka injini ipate moto, nyingi zinafunguka kama nyuzi 82 hivi, ukiitoa injini inabaki baridi na kompyuta inazidisha mafuta. Nunua mpya, ila kabla ya kufunga itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto uone kama inafunguka kweli.

— Mlimani cheki rejeta (ile inayopoza maji ya injini) na feni. Na mfuniko wa rejeta jamani, ukilegea presha haikai, maji yanachemka mapema. Usiufungue injini ikiwa ya moto, mie nina kovu mkononi mpaka leo

— Rejeta sijawahi kuosha, naweka maji ya bomba tu 😅

— Ya bomba?? Basi ushajijibu, kutu tupu humo. Ioshwe, weka kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini.