Naomba ushauri: mashine ya kusoma makosa inaweza kuonyesha taimingi ya kamshafti?

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada maana hii pikipiki ndo inanilisha. Ni cc 150 ya injekta, silinda moja, wiki iliyopita ilibadilishwa cheni ya taimingi (ile inayozungusha kamshafti, shafti inayofungua valvu, iende sawa na krenki inayozungushwa na pistoni) na kikaza chake, tangu siku hiyo imekuwa nzito, kamlima kadogo tu na abiria mmoja lazma nirudi gia ya pili, asubuhi inasumbua kuwaka na nikiachia mafuta inapiga baruti kwenye ekzozi.

Nimeipeleka kwa fundi mwingine akachomeka mashine, haikuleta kosa lolote, akasema basi taimingi iko sawa. Hapo ndo sijaelewa, hii injini ina sensa ya krenki peke yake, kwenye kamshafti hakuna sensa, sasa mashine itajuaje kama cheni imeruka jino moja? Mi naona afadhali tufungue kava, tuzungushe magneti mpaka alama ya T ikae sawa, pistoni ikiwa juu na valvu zote mbili zimelegea, halafu tuangalie alama za sproketi kama zimelala usawa wa silinda hedi.

Aliyewahi kukutana na hili anisaidie, kuna namba yoyote kwenye mashine, labda ile presha ya hewa inayoingia kwenye injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kuvuta mafuta), inayoweza kuonyesha taimingi imehama? Na nikiendelea kubeba abiria hivi hivi valvu zinaweza kugonga pistoni? Toka jana nimeipaki kwanza.