Nyeusi ti, nyeupe pe: nidhibiti vipi kontrasti (tofauti ya weusi na weupe) kwenye filamu nikitumia lenzi ya zamani?

MwangaMkali: Wakuu, naombeni msaada. Nimepata Helios 44-2 ya 58mm, ile ya Kisovieti, nimeifunga kwenye kamera ya miaka ya 1970. Filamu ni Tri-X 400, nasafisha mwenyewe kwa D-76, dawa nusu maji nusu, dakika 12, nyuzi joto 20. Filta ya chungwa haibanduki mbele ya lenzi, napenda mawingu yajitokeze. Tatizo ni mchana wa jua: katikati ya nyeusi na nyeupe hamna kitu. Juzi nimempiga picha babu kaketi chini ya mti, shati linawaka kama taa, uso shimo. Nimeambiwa lenzi za zamani ndivyo zilivyo. Niiuze?

TangiMbili: Usiuze! Aliyekuambia hivyo kageuza mambo. Lenzi kuukuu kwa kawaida *hupunguza* kontrasti. Kioo kisicho na utando wa kupunguza mwakisiko huakisi kama asilimia 4 ya mwanga kwenye kila uso wake, na mwanga huo huzagaa ndani ya lenzi ukaishia kufifisha vivuli. Utando wa Helios ni wa kizamani, kwa hiyo ilitakiwa ikulainishie picha. Hizo dakika 12 umezitoa wapi? Kodak, wenye filamu hiyo, wameandika 9 na robo tatu. Ukizidisha, vivuli havisogei sana, weupe ndio unaopanda. Jua likiwa kali mimi naishia 8. Na tangi unalitikisa vipi?

MwangaMkali: Mfululizo mkuu, naogopa madoa.

TangiMbili: Haya sasa, hapo nako unazidisha usafishaji. Sekunde 5 kila nusu dakika zinatosha.

KivuliKwanza: Mimi nashika hiyo filta. Kivuli cha mchana hakipati jua, kinamulikwa na anga, na mwanga wa anga ni wa buluu. Chungwa inazuia buluu. Yaani vivuli vilivyokuwa maskini umewanyang'anya hata hicho kidogo. Mawingu mazuri, babu gizani. Kwa picha za watu vua, au weka ya njano.

Halafu betri. Kamera nyingi za umri huo zilitengenezewa betri ya zebaki ya volti 1.35. Ukiweka ya 1.5, vipima mwanga vingi vya kamera hudhani mwanga ni mwingi kuliko uliopo, nawe unaipa filamu pungufu.

Ukipima, isogelee sehemu ya kivuli unayotaka ionekane, pima hapo peke yake, kisha punguza stopu 2 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Shati liachie dawa, kusafisha kwa muda mfupi kutalituliza.

MwangaMkali: Betri ni ya 1.5 kweli, sikuwaza kabisa. Nitajuaje kosa kubwa ni lipi?

KivuliKwanza: Laza negativu ya babu (filamu iliyosafishwa, ambako peupe huwa peusi) juu ya gazeti. Shati likiziba maandishi, umesafisha kupita kiasi. Uso ukiwa kioo kitupu, mwanga ulikuwa haba.

MwangaMkali: Nimefanya sasa hivi. Kwenye shati sisomi hata kichwa cha habari. Kwenye uso nasoma hadi maandishi madogo, ila nikiinua dirishani naona kope na mkunjo mmoja wa shavu. Vyote viwili basi! Nina roli mbili za filamu nilizopiga hivyohivyo, bado sijazisafisha.

TangiMbili: Zipe dakika 8, utaokoa weupe. Vivuli ambavyo havikupata mwanga hakuna dawa ya kuvirudisha. Ya babu ichape kwenye karatasi laini, yaani ya kontrasti ndogo, gredi 0 au 1, na shati liongezee sekunde huku uso umeukinga kwa kipande cha kadi. Hizo kope zitatoka.