Naomba ushauri: kumpeleka mama mdogo kula Liechtenstein

Wakuu habari zenu, niko Zurich, Uswisi, kwa kozi na mwezi ujao mama mdogo anakuja kunitembelea, nataka nimpeleke Liechtenstein, kale kanchi kadogo jirani, tukaonje misosi yao maana ni karibu tu, treni mpaka Sargans kama saa moja hivi halafu unadaka basi la Vaduz, mji mkuu wao. Shida ziara ya kuonja niliyoiona nusu nzima ni mvinyo, na mama mdogo hagusi pombe wala kitimoto.

Mimi nishakula Käsknöpfle, donge la unga wa ngano na mayai linapitishwa kwenye matundu vinadondoka vipande vipande kwenye maji ya moto, juu jibini na vitunguu vya kukaanga, pembeni rojo la tufaha (tufaha na jibini jamani! ila inapanda). Ninachotafuta haswa ni Ribel, unga wa mahindi unapikwa na maziwa halafu unakaangwa na siagi mpaka unakuwa chenga chenga, nataka nimuone sura akiambiwa huu ndo ugali wa huku.

Nani anajua pa kuipata, Vaduz au kule juu Triesenberg? Na nilipie ziara au tujizungukie wenyewe? Bei ni za faranga za Uswisi, na mimi mwanafunzi.