Jezi moja tu: DiMaggio, Williams au Bonds?

Chumvi_Kidogo: Wakuu, naagiza jezi ya kutundika ukutani, ya mpigaji mwenye rekodi nzito kuliko zote za besiboli. Wamebaki watatu: DiMaggio (5), Williams (9), Bonds (25). Ofa inaisha Ijumaa.

MzeeTakwimu: Rekodi ya msimu au ya maisha yote? Jezi ya zama zao au ya kisasa? Bila hayo tunapiga ramli.

Binti_Makorora: DiMaggio, hata kabla hajajibu. Mechi 56 mfululizo mwaka 1941, kila mechi angalau hiti moja (kuupiga mpira na kufika beisi salama). Tangu hapo aliyesogea ni Pete Rose, mechi 44, mwaka 1978. Wastani (hiti ukigawa kwa zamu za kupiga) ukishuka leo utaufidia kesho. Huku siku moja mbaya tu, kwisha habari.

Mkaanga_Namba: Na siku yenyewe ilivyokuja! 17 Julai, Cleveland, watu zaidi ya 67,000. Awamu ya kwanza anaupiga mpira kando ya mstari wa beisi ya tatu. Ken Keltner, mlinzi wa beisi hiyo wa Cleveland, kasimama nyuma kabisa, ananyoosha glavu, anaunasa na kurusha beisi ya kwanza: katolewa. Awamu ya nne anapewa beisi bure (mrushaji kakosea mara nne), si hiti. Ya saba, Keltner tena, vilevile. Ya nane beisi zimejaa, mpira unaruka vibaya mbele ya Lou Boudreau, mlinzi mwingine wa Cleveland, naye anaudaka, wanatolewa wawili kwa mpigo. Keltner alithubutu kusimama mbali vile kwa kuwa DiMaggio hakuwa na tabia ya kuugusa mpira kidogo ukafia mbele. Baada ya hapo akapata hiti mechi 16 nyingine mfululizo.

MzeeTakwimu: Kwa hiyo bahati imo. Williams mwaka huohuo: wastani .406, yaani hiti 406 kwa kila zamu 1,000. Asubuhi ya siku ya mwisho alikuwa na .39955, ingeandikwa .400 hata akikaa benchi. Akacheza mechi zote mbili, hiti 6 katika zamu 8. Tena mwaka ule ukipiga mpira wa juu ukadakwa, hata kama mwenzako alipata pointi kwa huo, ulihesabiwa zamu bila hiti. Kwa kanuni za leo wastani wake ungepanda.

Kushoto_Tu: Bonds 2004: beisi za bure 232, kati yake 120 za makusudi. Kufika beisi kwa njia yoyote .609! Walimwogopa kuliko hao wote.

Binti_Makorora: Na tuhuma za dawa za kuongeza nguvu je? Waandishi walimpigia kura miaka 10, Jumba la Heshima la besiboli hakuingia.

Mkaanga_Namba: Mmemsahau Fernando Tatis baba, 23 Aprili 1999: homu rani (mpira unaotoka nje ya uwanja) mbili, beisi zote zikiwa na wachezaji, awamu moja, mrushaji yuleyule. Kuivunja lazima upige tatu.

Chumvi_Kidogo: Samahani, nilisahau: ni zawadi ya baba mkwe, mshabiki wa Boston.

MzeeTakwimu: Boston! Sasa DiMaggio, mtu wa Yankees, mahasimu wao, ulimweka kwenye orodha afanye nini? Chukua 9, Williams alichezea Boston. Ila jezi ya 1941 haina jina mgongoni, namba tu. Ikija na jina, si ya zama zake. Kama ni flaneli ya sufu, usiitie maji ya moto, itasinyaa.

Kushoto_Tu: Ichiro mmemwacha? Hiti 262 mwaka 2004, rekodi ya msimu mmoja.

Binti_Makorora: Kwa mechi 161. George Sisler, aliyeshika rekodi kabla yake, alipata 257 kwa mechi 154, mwaka 1920. Piga hesabu.

Kushoto_Tu: Sisler hakurushiwa mipira usiku chini ya taa, dada.