Je, maktaba za Python zinaweza kuchukua nafasi ya seva ya MySQL katika ripoti za samaki?

Mtakwimu wa Kirumba:
Ndugu wanajukwaa, ripoti zetu za dagaa na sangara wanaoshushwa katika soko la Mwaloni zimeandikwa kwa SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata) ya MySQL, programu ya hifadhidata inayoendeshwa kwenye seva, nami nataka ziendeshwe na skripti ya Python kwenye kompyuta isiyo na seva. Nilipoipa sqlparse, mojawapo ya maktaba za Python (mikusanyo ya msimbo uliokwisha kuandikwa), kauli isiyokamilika isemayo `SELECT FROM mapokezi WHERE`, iliipokea na kuipanga vizuri bila kulalamika. Ni maktaba ipi itakayokagua kauli zangu kabla hazijaendeshwa?

Nyegezi:
Hiyo sqlparse haikuundwa kukagua. Kazi yake ni kutenganisha kauli, kuzikata vipande na kuzipanga zisomeke. Jaribu sqlglot, ambayo hujenga mti wa kisarufi (ramani ya muundo wa kauli), hukataa kauli nyingi mbovu na hugeuza lahaja moja ya SQL, yaani SQL ya programu moja ya hifadhidata, kuwa nyingine. Hata hivyo, usipoipa orodha ya majedwali na safu zake, haina namna ya kujua kwamba safu kama `uzito_kg` haimo katika jedwali lako. Injini yake ya kuendesha kauli imeandikwa kwa Python tupu, hivyo inafaa majaribio madogo, si kumbukumbu za miaka.

Ilemela:
Naomba kuongeza jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: kauli inaweza kuwa sahihi kisarufi katika injini mbili na bado ikatoa majibu tofauti. Ukigawanya madebe 7 ya dagaa kwa mitumbwi 2, MySQL hutoa 3.5, ilhali SQLite, hifadhidata ndogo isiyohitaji seva na iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 2.5, hutoa 3, kwa kuwa namba nzima zikigawanywa desimali hukatwa. Nusu debe la kila mtumbwi limepotea na hakuna ujumbe wowote wa kosa. `CONCAT` nayo, amri ya kuunganisha maandishi, haikuwamo katika SQLite hadi toleo la 3.44 la mwaka 2023, kwa hiyo kwenye matoleo ya zamani kauli itagoma papo hapo. Afadhali kosa la namna hiyo kuliko lile linalopita kimya.

Mtakwimu wa Kirumba:
Nashukuru sana. Je, nikizidisha kwanza kwa 1.0 itatosha?

Nyegezi:
Kwa mgawanyo huo itatosha. Kumbukumbu zikiwa nyingi, tumia DuckDB, injini nyingine isiyohitaji seva, iliyoandikwa kwa C++ na inayosoma faili za CSV (majedwali ya maandishi yaliyotenganishwa kwa mikato) moja kwa moja. Ila usiizime seva ya zamani kabla hujaendesha kila ripoti pande zote mbili kwa data ileile, ukalinganisha jumla na wastani safu kwa safu.