Wauza spika, wufa (spika ya besi) ya inchi 8 yenye "wati 1500" mnaitoa wapi? Nimechoka!

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Miezi mitatu ya Jumamosi zangu imekwenda na maji, pamoja na mbao za MDF za milimita 18 niliyokatisha Keko, kwa sababu muuzaji mmoja pale Kariakoo alibandika namba za uongo nyuma ya spika na kunitazama usoni akiniambia ni orijino.

Nilikuwa najenga spika za sebuleni, kushoto, kulia na ile ya katikati chini ya TV. Sababu kubwa ni mzee wangu. Masikio yamechoka, na kila tukiwasha filamu anauliza, "Wamesema nini?" TV zetu hizi nyembamba spika zake zinatazama ukutani, hata mimi maneno mengine yananipita. Nikasema basi, nimjengee mzee kitu kinachotamka.

Nikanunua wufa mbili za inchi 8. Kibandiko kimeandikwa omu 8 (ukinzani wake kwa umeme), wati 1500 (nguvu inayohimili), Hz 38 (mitikisiko kwa sekunde, pale inapotikisika yenyewe). Nyuma sumaku kubwa kama sahani, imevalishwa raba. Nikazichukua namba zile kama msahafu. Nikapiga hesabu ya boksi la lita 35, paipu ya PVC ya inchi 3 yenye urefu wa sentimita 17, ili boksi lipumue kwenye Hz 40. Seremala alifanya kazi safi, kona zimekutana vizuri kabisa, sina neno naye.

Nikafunga, nikawasha. Besi hakuna! Ukicheza upande mmoja peke yake inasikika, ukicheza pande zote mbili inayeyuka. Nimekagua nyaya usiku kucha, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Mwishowe nikafungua, nikachukua betri ya saa ya ukutani, ile ya volti 1.5, nikagusisha chanya kwenye alama nyekundu. Karatasi ya wufa ya kwanza ikatoka nje, kama inavyotakiwa. Ya pili ikaingia ndani. Yaani kiwandani au huko walikozisuka upya wamegeuza alama! Moja ikisukuma hewa nyingine inavuta, zinauana.

Nikageuza nyaya za ile moja. Besi ikarudi, lakini besi gani sasa? Gitaa la besi likipanda, likishuka, wufa inatoa mdundo uleule mmoja, buum buum. Ukiongeza sauti kidogo ampli, yaani kikuza sauti, inajizima. Hapo ndipo nilipoleta mita ya umeme. Wufa ya "omu 8" inasoma omu 3.3. Ya omu 8 kweli huwa inasoma kati ya 5.5 na 6.5 hivi ukiipima kwa mita. Hii ni ya omu 4, na ampli yangu imeandikwa nyuma isipewe chini ya omu 6. Wangeniunguzia ampli ndani ya nyumba yangu.

Nikaunga rezista ya omu 100, nikatumia programu ya bure ya kupimia sauti, REW, kwenye laptopu, nikachora mstari wa ukinzani. Kilele, yaani pale spika inapotikisika yenyewe, kiko Hz 74. Kibandiko kinasema 38! Boksi lote nililijenga kwa ajili ya spika ambayo haipo duniani. Nikavua ile raba ya nyuma. Ndani sumaku ndogo, haifiki hata theluthi mbili ya upana uliokuwa unaonekana, na pembeni imezungushiwa pete ya plastiki. Koili yenyewe, ule waya uliozungushwa unaosukuma karatasi, upana wake ni milimita 25. Koili ya ukubwa huo ukiipa wati 1500 inageuka moshi.

Na krosova je, ule ubao unaogawa sauti, nene kwa wufa na nyembamba kwa twita, ile spika ndogo? Ile ya spika ya katikati, ubao umechapwa "3000 Hz". Kwenye njia ya twita kuna kapasita moja tu, kile kifaa kinachozuia sauti nene, ya maikrofaradi 2.2. Twita ni ya omu 8. Pigeni hesabu wenyewe, inaanza kupitisha sauti kamili kwenye Hz 9000 huko! Koili ya upande wa wufa imebandikwa kwa gundi, nikiufuata mstari wa shaba haiendi popote, ni pambo. Kwa hiyo wufa ikishachoka huko Hz 4000 na kitu, twita bado haijaamka, na humo katikati ndimo zinamokaa s, sh na f. Mzee wangu amekaa mbele ya spika mpya kabisa, bado ananiuliza, "Wamesema nini?"

Nimerudi dukani. "Bosi, wateja wote wanachukua hizi, hakuna aliyelalamika. Na ukishapiga skrubu hatupokei." Nikamuuliza Qts ya spika ni ngapi, Vas ni lita ngapi, yaani namba za spika zinazotumika kupigia hesabu ya boksi. Akaniinulia wufa nyingine: "We shika uone uzito." Jamani! Neville Thiele alichapisha hesabu hizi huko Australia mwaka 1961, Richard Small akazikamilisha mwanzoni mwa miaka ya 1970. Spika bila namba zake ni sawa na nguo bila saizi, halafu unaambiwa kashone koti la kuitosha.

Na msiniambie "ukitaka cha bei nafuu vumilia". Nafuu siikatai. Wufa ya wati 40 ikiandikwa wati 40, omu 4, Hz 74, nitainunua, nitaijengea boksi lake dogo lililofungwa, na itaimba vizuri sebuleni. Ninachokataa ni kudanganywa namba, kwa sababu namba ndiyo ninayokatia mbao.

Krosova nimeshaanza kuisuka mwenyewe. Wufa bado natafuta, inchi 8, omu 8 ya kweli, Qts isizidi 0.4, jozi moja. Aliye nayo aseme hapa yuko wapi. Nitakuja na mita na betri ya saa, tutapima mezani kwake kabla sijatoa hela.