Mrejesho: kulanti (maji ya kupozea) ya injini ya mashua ilikuwa inavujia wapi
Wakuu, niliuliza kwa nini injini ya mashua yangu ya tanga inapungukiwa kulanti tangu ilipotoka kwenye hifadhi ya majira ya baridi. Jibu nimelipata, asanteni sana.

Ushauri wa kupima kwa presha injini ikiwa baridi ndio uliofanya kazi. Nilifuta kila kitu kikakauka, nikatandika karatasi nyeupe chini, nikafunga pampu ya mkono yenye geji ya presha kwenye mdomo wa kujazia kulanti, bila kuzidisha presha iliyoandikwa kwenye mfuniko. Hozi moja ilitoa jasho penye klempu, nikaikaza, ikaacha. Lakini sindano ya geji bado ilishuka. Kwa tochi na kioo kidogo nikaona tundu chini ya pampu ya maji, lina ukoko wa kijani, na tone linajikusanya taratibu. Tundu hilo limewekwa makusudi: sili ya ndani ikichoka, kulanti itokee hapo badala ya kuharibu beringi.

Nimebadilisha pampu hiyo ya maji na gasketi yake, sindano imetulia. Oili ni safi, haina weupe wa maziwa ambao ungeonyesha kulanti imeingia humo. Kibadilisha joto (kifaa ambamo maji ya bahari hupoza kulanti) nitakipima peke yake, maana kikitoboka ndani, kulanti inaweza kutoka na maji ya bahari kupitia ekzosi, chini ya injini pakabaki pakavu kabisa.